Corolla 110: tairi la mbele kulia linachemka, breki haziachii

ticha_makorora

Habari za jioni wakuu. Naomba mawazo yenu kabla sijaingia tena mfukoni.

Nina Corolla 110 ya mwaka 1998, injini 5A, otomatiki, mbele diski na nyuma dramu. Ni gari la kwenda shule ninakofundisha, sokoni, na mara mojamoja kupanda Lushoto kwa wakwe. Nipo Tanga mjini, bahari haiko mbali, na usiku gari linalala nje.

Tatizo ni tairi la mbele upande wa kulia. Linashika breki na haliachii. Asubuhi gari ni jepesi kabisa. Nikishazunguka mjini kidogo, hasa pale bodaboda wanapokufanya ukanyage breki kila hatua, gari linaanza kuwa zito. Usukani unavuta kulia hata kama mguu haupo kwenye breki. Nikisimama napata harufu ya kuungua, na rimu ya kulia haishikiki. Ya kushoto ni ya uvuguvugu tu. Nikiliacha lipoe, likishapoa linabingirika kama kawaida, mpaka najiona mwongo mbele ya fundi.

Kilichonitia hofu ni kushuka Lushoto. Kabla hatujafika Mombo pedali ikawa laini, inashuka chini kuliko kawaida. Nikaegesha. Moshi ulikuwa unatoka kwenye rimu ya kulia na mke wangu hakutaka tena kupanda. Tulikaa pale mpaka pakapoa, tukamalizia mteremko kwa gia ya L taratibu sana.

Nilichokwisha kufanya: gereji moja ya hapa mjini walibadilisha pedi zote za mbele, wakapaka grisi kwenye pini za kalipa (kile chuma kinachobana pedi kwenye diski, huteleza juu ya hizo pini), wakaniambia nimepona. Ikatulia kidogo, ikarudi. Nilipowarudia wakasema sasa ni kalipa, ninunue. Fundi wa pili kasema masta silinda, ile inayosukuma mafuta ya breki ukikanyaga pedali. Wa tatu hakufungua hata tairi, kasema beringi. Naona kila mmoja ana spea yake anayoipenda.

Pedi za zamani ninazo hapa. Ile ya ndani ya upande wa kulia imeliwa mshazari: juu bado nene, chini imekaribia chuma. Za kushoto zimeliwa sawasawa.

Nitajuaje kilichoharibika bila kununua vyote vitatu? Na wakati natafuta jibu, naweza kuendelea kuliendesha hapa mjini?

---

dogo_spea_ilala

Mkuu hiyo ni kalipa, pistoni imeshikwa na kutu. Usijisumbue. Njoo Gerezani utapata iliyotoka Japani kwenye gari lililokatwa, safi, unafunga unasahau. Nikutumie kwa basi?

---

mzee_spana_korogwe

Ticha, pole. Mimi nipo Korogwe, na magari mengi yanayoshuka kwenu Lushoto yakiwa yananuka huishia kwangu, kwa hiyo unachokieleza nakijua kwa pua.

Dogo wa Ilala anaweza kuwa sahihi. Anaweza pia kukuuzia kalipa nzima kwa kosa la kitu kingine, ukafunga, ukashuka tena Lushoto, tukaonana. Kwa hiyo usinunue kitu kwanza.

Tairi linaloshika lina sababu za aina mbili. Ama umetoa mguu lakini mafuta ya breki bado yanasukuma pistoni, ama mafuta yameshaachia ila vyuma vimegoma kurudi. Kwa macho huwezi kuzitofautisha, maana zote zinatoa moshi uleule. Zinatofautishwa kwa spana moja, na lazima tairi liwe limeshika wakati huo. Ukipima likiwa limepoa unapima gari lisilo na ugonjwa. Ndiyo maana mafundi wako watatu hawakuona kitu.

Siku moja kabla, pulizia mafuta ya kulegeza kutu kwenye nipo ya kutolea upepo, ile nyuma ya kalipa yenye kofia ya mpira, na kwenye nati inayounga paipu ya chuma na hozi, ile paipu ya mpira inayoshuka kwenye kalipa, kule juu. Magari ya pwani nipo hukatika. Ikikatikia ndani hapo ndipo utakaponunua kalipa kweli.

Siku yenyewe liendeshe mpaka likamate. Rudi mahali palipo tambarare, zuia matairi ya nyuma kwa mawe, inua mbele, weka stendi au gogo imara. Usitegemee jeki peke yake. Usimwagie maji diski ya moto hata kama inakutisha. Itapinda, na hapo utakuwa na matatizo mawili.

Kabla ya kufungua chochote, nenda upande wa pili, nyuma kushoto, usogeze kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Corolla hii breki zake zimegawanywa mkingamo: mbele kulia iko laini moja na nyuma kushoto. Masta silinda ikishindwa kuachia laini hiyo, nyuma kushoto nayo itakuwa na joto lisilo la kawaida. Ikiwa ya baridi, fundi wako wa pili anaanza kupoteza kesi. (Kile kipimajoto cha kuelekezea watu kwenye paji la uso enzi za Corona hakifai hapa, kinaishia joto la homa. Kiganja kinatosha.)

Sasa tairi. Lizungushe kwa mkono, litagoma. Litikise juu na chini usikilize beringi, umalize na hilo. Kisha vaa glavu, maana mafuta yatakuwa ya moto. Chomeka kijipaipu cha plastiki kinachoonyesha ndani kwenye nipo, mwisho wake kwenye chupa, na ulegeze nipo robo mzunguko kwa spana ringi. Hapa angalia vizuri.

Mafuta yakiruka kwa nguvu na tairi likalegea papo hapo, kalipa yako haina kosa kubwa. Kulikuwa na presha iliyofungiwa. Mafuta yakidondoka tu na tairi likabaki limeshika, basi ni pistoni au pini, na dogo apokee simu.

Ikiwa ni presha, funga nipo, ingia ndani ukanyage breki, uachie. Litashika tena. Safari hii legeza ile nati ya juu, paipu ya chuma inapokutana na hozi, huku umeweka kitambaa chini kwa sababu mafuta haya yanakula rangi. Tairi likiachia hapo, ugonjwa uko juu: masta, busta (ile inayouongezea mguu nguvu), au pedali yenyewe haina uchezaji, yaani nafasi kidogo kabla haijaanza kusukuma. Kuna watu wanaosogeza swichi ya taa za breki mpaka inasukuma pedali kidogo muda wote, na masta haipati nafasi ya kurudi. Lakini tairi likigoma kuachia ukilegeza juu, na linaachia ukilegeza nipo chini, kati ya sehemu hizo mbili kuna kitu kimoja tu. Hozi.

Pedi iliyoliwa mshazari ni habari nyingine. Hiyo ni pini ya kalipa iliyokwama upande mmoja. Waulize wale wa gereji walipaka grisi gani.

Kuliendesha: hapana. Mafuta ya breki hunywa maji kutoka hewani. DOT 3 mpya inachemka kwenye nyuzi 205, ila ikishanywa maji kama asilimia 3.7 inachemka kwenye 140 tu. Yakichemka ndani ya kalipa yanakuwa mvuke, na mvuke unabanwa. Ndiyo ile pedali laini uliyoikuta karibu na Mombo. Nguvu ya mguu wako ilikuwa inabana mvuke badala ya pedi.

---

kisauni_diski

Ticha, salamu kutoka Mombasa. Mie nafanya gari ndogondogo hapa Kisauni, zile za kubeba watu na mizigo zisizojua kupumzika, na huyo mzee hapo juu mwamini.

Niongeze moja tu ya watu wa pwani. Hiyo hozi ya mbele katikati yake ina kishikizo cha chuma, kimebanwa kuizunguka na kufungwa kwa bolti kwenye shoki. Chumvi ikiingia katikati ya chuma na mpira, kutu inaota ndani, inavimba, na haina pa kwenda ila kuubana mpira. Kwa nje hozi unaiona nzuri, haina ufa. Ndani tundu limekwisha. Mguu wako una nguvu, unasukuma mafuta yanapita. Kurudi hakuna wa kuyasukuma ila kale kampira ka pistoni, hakawezi. Hozi inakuwa dema: kuingia rahisi, kutoka shida.

Gari moja iliniletea balaa hilo, makanika wawili wameshabadilisha kalipa. Nilitia bisibisi nikakipanua kile kishikizo kidogo, gari ikaachia nikiwa nimeshika rimu kwa mkono. Mwenyewe akaondoka akicheka.

---

mzee_spana_korogwe

Wa Kisauni kasema kweli kuhusu kutu, na nilikuwa sijaitaja. Ila bisibisi iwe ya kuthibitishia ugonjwa. Usiifanye dawa. Mpira uliobanwa muda mrefu ndani umeshaumia, na kishikizo ukishakipanua hozi inaanza kucheza na kusugua tairi ukikata kona. Hozi ni kitu cha bei nafuu ukilinganisha na kalipa. Nunua.

---

kisauni_diski

Alinunua mzee, wiki hiyohiyo. Sikumuacha aende vile.

---

ticha_makorora

Shikamoo mzee wangu wa Korogwe. Na wewe kaka wa Kisauni, ahsante.

Nimefanya kama mlivyosema. Jirani yangu ana jeki ya trela na stendi mbili, akawa ndiye mkanyaga breki. Tulizunguka mtaani mpaka likakamata, tukarudi.

Nyuma kushoto: baridi. Beringi haichezi, haina kelele. Nipo ya kalipa, kwa neema ya yale mafuta ya jana yake, ililegea bila kukatika. Mafuta yaliruka kwa mkupuo mmoja, meusi, yananuka kuungua, na tairi ambalo tulikuwa tunalisukuma watu wawili likazunguka kwa kidole. Tukafunga, jirani akakanyaga, likashika. Nikalegeza nati ya juu: matone machache, tairi bado limeganda. Nikarudi kwenye nipo: likaachia.

Kwa hiyo ni hozi. Nimeitoa. Kwa nje kweli ni nzuri, hata maandishi yake yanasomeka. Lakini pale kishikizo kinapoishika kuna kutu yenye matabaka, inabanduka maganda. Nikaikata kwa msumeno wa chuma hapohapo ili nione. Upande mmoja tundu ni la mviringo. Chini ya kishikizo si tundu tena, ni ufa, na ngozi ya ndani ya mpira imechanika ikaacha kipande kinachoning'inia. Nikipuliza kwa mdomo upande wa masta hewa inapita kwa shida. Nikipuliza kutoka upande wa kalipa kile kipande kinajikunja, kinaziba kabisa.

Niliyoyakuta mengine: pini ya juu ya kalipa inateleza vizuri. Ya chini ilikuwa haitoki. Niliizungusha huku naivuta mpaka ikakubali. Mwishoni ina kijimpira, kimevimba kuliko tundu lenyewe, na kuna grisi nzito ya kahawia, ileile wanayoweka kwenye beringi. Niliwapigia simu wale wa gereji wakakubali kwamba ndiyo waliyopaka.

Maswali yangu. Hicho kijimpira nifanyeje? Nikiwa nimeshafungua mpaka hapa, nitoe na pistoni au niiache? Na pedi ni mpya lakini zimepitia ule moshi wa Lushoto, zinafaa?

---

mzee_spana_korogwe

Marahaba ticha. Hiyo hozi usiitupe, waonyeshe wanafunzi wako.

Kijimpira tupa. Mpira wa breki na grisi ya petroli haviendani, unavimba, na ukishavimba haurudi. Ripea kiti ya kalipa huja na mipira ya pini, sili ya pistoni na mpira wa vumbi, kwa hiyo nunua kiti moja, utumie kinachohitajika. Tundu la pini lisafishe kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti na spiriti au dawa ya kusafishia breki, mpaka kitambaa kitoke cheupe. Pini yenyewe ikiwa na kutu nyepesi isugue kwa msasa laini wa maji. Ikiwa na mashimo, nunua pini. Paka grisi ya silikoni au ile iliyoandikwa ni ya breki, kiasi cha kufunika chuma tu. Ukijaza tundu, hewa iliyonaswa nyuma inaisukuma pini irudi nje na utadhani imekwama tena. Na usibadilishane pini za juu na chini. Yenye kijimpira irudi ilikotoka.

Pistoni. Hapa watu wengi hawaelewi kinachoirudisha. Hakuna springi mle. Kuna sili moja ya mraba iliyokaa kwenye mfereji ndani ya kalipa. Ukikanyaga, pistoni inatoka na sili inajipinda kidogo ikiifuata. Ukiachia, sili inajinyoosha na kuivuta pistoni nyuma, sehemu ndogo sana ya milimita. Hiyo ndiyo nafasi yote inayoifanya diski izunguke huru. Sasa mfereji ule ukijaa uchafu mgumu nyuma ya sili, sili inabana pistoni na haina nafasi ya kujipinda. Kwa hiyo hata kalipa yenye pistoni inayong'aa inaweza kushika.

Kwa gari lako anza na hili: angalia mpira wa vumbi unaozunguka pistoni. Kisha nipo ikiwa wazi na kijipaipu kwenye chupa, isukume pistoni ndani kwa jiliwa la seremala, polepole. Nipo iwe wazi, narudia, ili ule uchafu mweusi uende kwenye chupa badala ya kurudi kwenye masta. Ikiingia kwa mwendo mmoja laini na mpira wa vumbi haujapasuka, iache. Ikienda kwa kusitasita, au mpira umechanika, itoe.

Kuitoa usitumie upepo wa kompresa. Nimeona pistoni ikiruka na kuvunja kidole cha mtu. Funga hozi mpya kwanza, weka kipande cha mbao mahali pa pedi, jirani yako akanyage pedali kidogokidogo mpaka pistoni iteleze nje yenyewe. Beseni chini. Ikitoka, pitisha ukucha kwenye ubavu wake. Sili inateleza juu ya pistoni, kwa hiyo pistoni ndiyo inayotakiwa kuwa laini kama kioo. Mashimo ya kutu pale sili inapopita maana yake ni pistoni mpya. Madoa kwenye ukuta wa kalipa hayana ubaya sana, yasafishe. Mfereji wa sili uchokonoe kwa kijiti cha mti au plastiki, usitumie bisibisi. Wakati wa kurudisha, lowesha sili na pistoni kwa mafuta mapya ya breki, iingize kwa vidole. Ikikataa vidole imekaa mkao mbaya, itoe uanze tena.

Pedi: zitazame uso. Zikiwa zinang'aa, zina nyufa au kingo zinameguka, zimeungua. Pedi iliyoungua inakamata vibaya na inapiga kelele. Pole kwa hela yako, ila nunua seti, kulia na kushoto pamoja. Diski ikiwa na mabaka ya bluu na usukani unatetemeka ukishika breki, ipelekwe ikapimwe. Unene wa mwisho unaoruhusiwa umegongwa kwenye diski yenyewe. Vumbi lolote la pedi usilipulize kwa mdomo, lifute na kitambaa kibichi, hasa la pedi za zamani zisizojulikana zilitengenezwa na nini.

Hozi mpya ya upande wa kalipa inakuja na washa mbili za shaba, moja kila upande wa bolti. Usirudishie za zamani. Hakikisha hozi haijajipinda, kisha geuza usukani mwisho kulia na mwisho kushoto uone haigusi tairi wala shoki.

Halafu mafuta yote yabadilishwe, matairi yote manne. DOT 3 au DOT 4, chupa ambayo haijafunguliwa. Ile iliyobaki kabatini tangu mwaka jana imeshanywa hewa ya Tanga. DOT 5 ni ya silikoni, usiichanganye na hizo. Wakati wa kutoa upepo weka kibao chini ya pedali ili isifike sakafuni. Masta ya umri huo huko mwisho kuna kutu na uchafu ambapo sili zake hazijawahi kupita, ukizipitisha leo unazichana, na kesho fundi wako wa pili ataonekana nabii.

---

mama_noah_sr40

Samahani kwa kudandia. Noah yangu ya zamani, SR40, yenyewe inashika matairi yote mawili ya mbele, si moja. Pedali inakuwa ngumu na haishuki kabisa, gari likipoa inaachia. Nayo ni hozi?

---

mzee_spana_korogwe

Mama, hozi mbili kuziba siku moja ni bahati mbaya mno. Yakishika yote ya mbele angalia juu. Kwenye Noah matairi mawili ya mbele yako laini moja, na masta ina kitundu kidogo ambacho mafuta hurudia kwenye kopo la mafuta ya breki ukiachia pedali. Mafuta yakipata joto yanatanuka, na kitundu kikiwa kimezibwa hayana pa kwenda, yanasukuma pedi.

Fungua kifuniko cha kopo uangalie sili yake. Imevimba na kulainika? Basi kuna mtu aliongeza mafuta ya usukani au ya injini mle, na mipira yote ya mfumo imeharibika, masta mpaka kalipa. Hiyo ni kazi kubwa, usikubali kubadilishiwa masta peke yake. Ikiwa sili ni nzima, subiri gari likamate, legeza nati mbili zinazofunga masta kwenye busta, uivute mbele milimita chache. Yakiachia, kijiti cha busta ni kirefu au pedali haina uchezaji. Uliza kama kuna aliyewahi kubadilisha busta au kugusa swichi ya pedali.

---

mama_noah_sr40

Busta ilibadilishwa. Ilitoka kwenye gari jingine. Ahsante baba, nimeshajua pa kuanzia.

---

ticha_makorora

Mrejesho wakuu. Mpira wa vumbi ulikuwa umepasuka kwa chini, kwa hiyo pistoni nimeitoa kwa njia ya kibao. Ilikuwa safi isipokuwa doa karibu na mdomo, nje ya pale sili inapopita. Uchafu ulikuwa kwenye mfereji: ukoko mweupe mgumu, niliuchokonoa kwa njiti za mshikaki. Sili mpya, mpira wa vumbi mpya, vijimpira vya pini vipya, hozi mpya, pedi mpya (tena). Mafuta yaliyotoka nyuma yalikuwa meusi zaidi ya yale ya mbele. Sijui kama yamewahi kubadilishwa tangu gari lishuke melini.

Nimeliendesha mjini mchana kutwa, rimu zote mbili za mbele zina joto sawa, na niliposimama kwenye kimteremko cha nyumbani na kuachia breki, gari likaenda lenyewe. Usukani umenyooka.

Bado moja. Hozi ya kushoto ni ya umri uleule lakini haina shida. Nibadilishe au nisubiri? Jumamosi natakiwa Lushoto.

---

mzee_spana_korogwe

Badilisha kabla ya Jumamosi. Kishikizo chake kimelala nje miaka ileile na chumvi ileile. Na ikiziba ya kushoto peke yake, kwenye mteremko gari litavuta kushoto, na unajua mwenyewe kwenye zile kona upande upi kuna korongo.

Ukimaliza kaza nati za tairi 103 Nm kwa spana ya kupimia, na uzirudie tena baada ya safari fupi. Kushuka, weka 2 au L tangu juu, usingoje kasi ikukute. Breki ikanyage kwa nguvu, uachie, ikanyage tena. Ukiilalia njia nzima mpaka Mombo utachemsha hata hizo mpya.

Ukipita Korogwe simama, nataka kuiona hiyo hozi uliyoikata.

---

dogo_spea_ilala

Ticha hozi za 110 ninazo mpya, kulia na kushoto. Basi la usiku linafika Tanga alfajiri.